Mkwe Aliyeshuka na Ukungu

Asubuhi ile kuni za kileleni zilikataa moto, na hapo ndipo Sekela alipaswa kujua kwamba nyumbani kwake kuna jambo.

Mtu wa mbali atacheka. Kuni kukataa moto huku Rungwe, tena mwezi wa saba, manyunyu hayakatiki na ukungu unaingia mpaka kwenye masufuria, ajabu yake nini? Basi acheke amalize, kisha asikilize. Kuni hizi zinatoka juu kabisa mlimani, ukishapita msitu na mianzi, mahali ambapo miti mirefu imechoka kupanda ikabaki chini. Huko kuna vichaka tu, vichaka upeo wa macho, vingine vya magotini, vingine vinampita mtu kimo. Majani yake ni mafupi na membamba kama sindano, na maua yake ni vikengele vidogo vya waridi iliyopauka. Allen, bwana misitu aliyehamishiwa huku kutoka Kilimanjaro, anaviita erika. Wenyeji wanasema kuni za kileleni, na inatosha. Sifa yake ni moja: ukikata kichaka hicho kibichi, kimelowa chapachapa, ukakiweka mafigani, kinashika moto papo hapo na kuunguruma. Mvua yote ya Tukuyu haijawahi kukishinda.

Lakini Sekela alipuliza mpaka macho yakamtoka. Kuni zilitoa povu, zikalia kidogo, kisha zikatoa moshi mzito uliotambaa chini badala ya kupanda juu. Alipoupitisha mkono aliusikia baridi. Akauondoa haraka, akaupangusa kwenye kitenge, akajiambia kwamba mzigo huu labda umelala majini. Akachukua kuni za mkaratusi, akapika chai.

Mzigo ulikuwa umeletwa jana yake, Jumatano, na baba mkwe wake, Mzee Ambilikile. Mzee alipanda mlimani Jumatatu kuangalia mizinga yake mitatu ya nyuki, ambayo kikundi chao kilikuwa na kibali cha kuiweka kule juu. Alikuwa na kawaida ya kulala siku mbili chini ya mwamba fulani, kisha kushuka na asali na mzigo wa kuni. Jumatano saa kumi alasiri ukungu ulishuka, Sekela akasikia kikohozi nyuma ya ua, mara mbili, kama kawaida. Akafanya alichokifanya kwa miaka tisa: akajifunika kitenge usoni, akageukia ukuta, akasubiri hatua zipite.

Hapa lazima nieleze, maana wa mjini wamesahau. Siku hizi huko Bulyaga mkwe na mkamwana wanapiga picha ya harusi wamekumbatiana, na hakuna anayeanguka kifafa. Lakini Mzee Ambilikile alikuwa wa kizamani, na mila ya zamani ya Wanyakyusa ni kwamba mke wa mwanao hakutazami usoni, wala humtazami. Halitamki jina lako. Mkikutana njiani yeye anaingia kwenye migomba, nawe unaangalia mawinguni. Ni heshima, si chuki. Kwa hiyo, tangu mumewe Asajile amwoe, Sekela hakuwahi kuuona uso wa baba mkwe wake. Alimjua kwa kikohozi, kwa harufu ya ugoro, na kwa mburuzo wa buti zake za mpira. Angepishana naye sokoni asingemtambua.

Mama mkwe alipokuwa hai, maneno yalipita kwake. Alipofariki, miaka miwili sasa, walibaki wawili katika boma lililo peke yake pembezoni mwa shamba la chai, mtu na mkamwana wake, hawasemezani. Asajile ni dereva wa malori ya Kongo. Anaweza kukaa miezi minne bila kuonekana. Mtoto hawakujaliwa. Ndipo mzee akabuni njia yake: akawa anamtuma mbwa.

Mbwa anaitwa Polisi. Mzee akitaka kitu humwambia yeye, kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni. "Polisi, mwambie huyo maharage ya leo yana chumvi." "Polisi, mwambie huyo kesho nakwenda kanisani, shati langu lina tope." Na Sekela hujibu vilevile: "Polisi, mwambie mzee shati liko kambani." Polisi hupiga miayo, kazi yake imekwisha. Ndiyo mazungumzo pekee aliyokuwa nayo Sekela kwa siku nzima, na wakati mwingine kwa wiki nzima. Alikuwa na miaka thelathini na mbili, na kuna siku alisahau sauti yake mwenyewe ikoje. Upweke ule ulimla kama mchwa anavyokula nguzo, nje huoni kitu.

Jumatano ile Polisi hakurudi na mzee. Sekela aliona hilo, akafikiri mbwa amefuata jike la mtu huko njiani.

Akaweka chakula kama siku zote: sahani ya bati kwenye kizingiti cha chumba cha mzee, mlango ukiwa umerudishwa, mgongo umegeuzwa. Alhamisi kuni zilikataa moto. Ijumaa asubuhi akakuta nyuki watano wamekufa kizingitini, wamelala mstari mmoja, na sahani haipo. Jumamosi nyuki walikuwa saba. Harufu ya ugoro ilikuwa imepotea upande ule. Badala yake ilikuja harufu ya maua, tamu na ya baridi, ya majivu yaliyolowa. Kikohozi kilikuwepo, mara mbili, asubuhi na alasiri. Ila mtu akikohoa leo na kesho hakohoi sawasawa, na hiki kilikuwa kilekile, urefu uleule, kama kinatolewa ndani ya kopo na kurudishwa.

Jumamosi hiyo alasiri, ukungu umeshuka mpaka huoni choo kilipo, Sekela alikuwa ameinama kuweka sahani, mgongo mlangoni, aliposikia nyuma yake sauti ya mzee.

"Umelala salama, mwanangu?"

Alibaki ameinama. Kwanza alidhani anaambiwa Polisi. Kisha akakumbuka Polisi hayupo.

"Nakuuliza wewe," sauti ikasema taratibu. "Umelala salama?"

Sijui wewe ungefanya nini. Sekela alipaswa kukimbia, maana mkwe hasemi na mkamwana hivyo, ni uchafu na ni laana. Lakini miaka tisa hakuna aliyemuuliza amelalaje. Akasema, kwa sauti aliyoisikia mwenyewe kuwa ndogo, "Nimelala salama, tata," akimwita baba kwa Kinyakyusa.

"Ndaga," ikajibu, kwa maana ya asante. "Usigeuke tu."

Tangu siku hiyo akawa anasubiri saa kumi. Nitasema wazi: alifurahi. Alioga mapema, akajitanda kitenge kipya, akaketi kizingitini kumpa mgongo yule aliyekuwa chumbani, na akaongea. Alisimulia mimba mbili zilizoharibika, jambo ambalo hata Asajile hakuwahi kulisikia mpaka mwisho. Alisimulia Jumapili kanisani ambapo wanawake wanasogeza watoto wao karibu anapopita. Sauti ilisikiliza. Ilijua pa kunyamaza. Wakati mwingine ilisema, "Na mimi nakaa peke yangu, siku nyingi mno, kule hakuna hata ndege," na Sekela alidhani mzee anasema juu ya mizinga. Na kila mara, kabla hajaondoka: "Usigeuke, mwanangu."

Asajile alipiga simu Jumanne. Mtandao hupatikana chini ya mparachichi tu, basi Sekela alisimama pale akitetemeka kwa baridi.

"Baba ameshuka?"

"Ameshuka tangu wiki iliyopita."

"Mzima?"

"Mzima. Anaongea siku hizi."

Asajile akacheka. "Baba? Anaongea na nani?"

Simu ikakatika. Jirani zao wa ng'ambo ya mto nao waliuliza, akawajibu vilevile: mzee yuko, amepumzika, baridi imemfungia ndani. Kila aliyeuliza aliridhika akaenda zake. Kosa la Sekela lilikuwa hilo, na nani mwingine angelifanya? Mkamwana wa kabila jingine angefungua mlango kumpelekea mkwe uji, na angejua siku ya kwanza.

Siku zilivyokwenda chumba kile kilizidi kuwa baridi, baridi iliyopita chini ya mlango na kutambaa sakafuni mpaka jikoni, na maji ya mtungini yakawa na ladha ya majani, na sahani za bati zenye ukingo wa buluu alizoachiwa na mama mkwe zikaanza kupungua, leo moja hairudi, keshokutwa nyingine, na usingizini Sekela alisikia upepo ukipiga mluzi katikati ya vitu vyembamba vingi, ingawa nje migomba ilikuwa imetulia tuli, na alipoamka alikuta kwenye nywele zake vijani vya sindano ambavyo hakujua vimefikaje. Aliviokota kimoja kimoja akavitupa. Hakumwambia mtu, kwa sababu aliogopa akisema, saa kumi itanyamaza.

Naima ndiye aliyelikata jambo. Huyu ni mwanamke wa mtaa wa Bagamoyo pale Tukuyu, mfanyabiashara wa asali, na kila baada ya wiki mbili hupanda na ndoo zake kununua kwa mzee. Marehemu baba yake alikuwa maalimu aliyesomea watu wenye majini, na Naima, ingawa mwenyewe husema yeye si mganga, alikulia kwenye moshi wa ubani. Alifika Jumamosi mchana, amejifunga mtandio mpaka puani.

"Hodi! Mama, leo mlima umeamua kutuua. Mzee yupo?"

"Yupo ndani."

"Mbona hakuna asali nje? Na Polisi yuko wapi, hajanibwekea?"

"Polisi hakurudi." Sekela alisita. "Na asali hakushuka nayo."

Naima alimtazama. Akautazama mzigo wa kuni ukutani. Vikengele vya maua vilikuwa vibichi, vinang'aa, siku ya kumi tangu vikatwe. Akatua ndoo. Yeye hana mkwe katika nyumba ile, macho yake hayana mwiko, akaenda moja kwa moja kwenye chumba cha mzee, akagonga, akaita salamu, akasukuma mlango.

Alitoka kinyumenyume, midomo inasoma bila sauti. Alipomaliza alimshika Sekela mkono.

"Humu hamna mtu, mdogo wangu."

"Yumo. Jana nimeongea naye."

"Umeongea na kitu." Naima alishusha sauti ikawa mnong'ono. "Kitandani kuna vichaka. Vile vya juu, vimelazwa kwa urefu wa mtu, vimefunikwa blanketi mpaka shingoni. Vinachanua. Na mto umebonyea."

Sekela aliketi chini palepale kwenye tope. Kitu cha kwanza kilichomjia hakikuwa jini. Kilikuwa hesabu ya siku. Mzee wa miaka sabini na minne alipanda Jumatatu, na leo ni Jumamosi ya wiki ya pili, na kule juu maji huganda asubuhi, na hakuna hata mtu mmoja aliyekwenda kumtafuta, kwa sababu yeye Sekela alimwambia kila aliyeuliza kwamba yupo.

"Nimemuua," akasema.

"Hujamuua mpaka tumwone," Naima akajibu. "Kitu hiki ni cha kule. Baba alikuwa anasema majini ya mahali patupu hayana njaa ya damu, yana njaa ya watu. Kimekosa mwenzake. Na nyumba gani nyingine kingeweza kukaa, nyumba ambayo wanaoishi humo hawatazamani? Nyinyi mlishakiwekea kiti, kikaja kikakalia tu." Alifukiza ubani chumbani, akasoma alichokuwa anakijua, na vile vichaka havikunyauka. Akatingisha kichwa. "Zile kuni zirudi zilikotoka. Na mzee arudi mahali pake, kama yu hai. Hivyo viwili vinakwenda pamoja."

Ilikuwa imeshakuwa jioni. Wakaenda kwa Allen. Akasema kupanda muda ule ni kuongeza maiti, wataondoka alfajiri. Sekela alilala kwa jirani, ikiwa kukesha macho yako wazi ni kulala.

Walipanda watano: Allen mbele, vijana wawili wa kijiji na machela, Naima, na Sekela amebeba kichwani ule mzigo, pamoja na vile vichaka vya kitandani. Hakukubali mwingine aubebe. Ulikuwa mzito kuliko kuni, na maji ya baridi yalimchuruzika shingoni njia nzima, ingawa mvua haikunyesha. Walipita msitu, wakapita mianzi, na karibu na adhuhuri wakatokea juu.

Sekela hakuwahi kufika. Nchi ile ilikuwa kama imesahauliwa. Vichaka vilienda pande zote mpaka ukungu ulipovimeza, vimening'iniza ndevu za kijivu, ardhi yake laini inanyonya mguu. Upepo ulipita ndani ya yale majani membamba ukapiga mluzi, naye akautambua, maana ndio aliokuwa akiusikia usingizini. Hakuna ndege. Aliwaza, bila kutaka, kwamba kitu chochote kikiishi hapa miaka yote lazima kitashuka siku moja kutafuta mlango wa mtu.

"Simameni," Allen akasema.

Juu ya jiwe palikuwa na sahani ya bati yenye ukingo wa buluu. Mbele yake nyingine. Nne zote, zimepangwa kama alama za njia, na ya mwisho ilikuwa na ugali wa juzi, aliousonga Sekela mwenyewe. Mbele ya ile sahani mbwa akalia.

Polisi alikuwa amelala katikati ya njia, mbavu nje, mkia chini ya tumbo. Hakuja. Aliwatazama, kisha akatazama kushoto, kisha akatazama kulia, na mlio wake ukawa kama wa mtoto. Ukungu ulisogea. Kushoto, chini ya mwamba, aliketi mzee amejifunika blanketi, amewapa mgongo, mguu mmoja umenyooshwa vibaya. Kulia, hatua ishirini hivi, chini ya mwamba mwingine, aliketi mzee amejifunika blanketi, amewapa mgongo, mguu mmoja umenyooshwa vibaya. Wakakohoa wote wawili, mara mbili.

Mmoja wa vijana alidondosha machela. Allen, ambaye haamini mambo haya na hata leo hapendi kuulizwa, alizunguka akautazama uso wa wa kwanza, akazunguka akautazama wa pili, akarudi amebadilika rangi.

"Ni yeye," akasema. "Wote ni yeye."

"Tuwachukue wote?" kijana akanong'ona.

"Ukibeba cha pili umekipeleka nyumbani kwa machela," Naima akasema. "Na mkimwacha wa kweli, leo hii anakufa." Akamgeukia Sekela. "Wewe ndiye unakaa naye."

"Mimi sijawahi kumwona, Naima! Hata siku moja!"

"Ndiyo maana nakuuliza wewe. Sisi tunaomjua uso, uso umetudanganya."

Sekela alitua mzigo. Kwa mazoea alijifunika kitenge na kuwapa mgongo wote wawili, na gizani ndani ya kitenge akaona ni afadhali, kule ndiko alikozoea kumfahamu. Akikosea, mzee anabaki hapa, na yeye anarudi kuishi na kile. Akafikiri. Kisha akasema, kwa sauti ya kila siku, ile ya jikoni:

"Polisi, mwambie mzee chakula kimepoa."

Upepo ukanyamaza. Na kutoka kulia ikaja sauti, ya upole, ileile ya saa kumi.

"Nimekusikia, mwanangu. Umekuja mbali. Umelala salama?"

Machozi yalimtoka Sekela papo hapo. Kutoka kushoto hakukuja kitu. Kikohozi. Kisha sauti kavu, iliyopasuka, ya mtu mwenye hasira na kiu.

"Polisi. Mwambie huyo siku zote hizi namwomba alete watu, ananiambia kesho, kesho. Na mwambie chumvi bado inazidi."

Alijua. Alijua palepale, na hapo ndipo palipokuwa pagumu, kwa sababu alipofungua mdomo kusema, ile sauti ya kulia ilikuja karibu, karibu kabisa na sikio lake, ndani ya kitenge, na harufu ya maua na majivu.

"Sekela," ikasema. Mkwe halitaji jina la mkamwana. Hata mumewe alimwita "mama" tu. "Mimi nilimlisha huyo mzee kwa mkono wako asife. Sikumdhuru. Nikiondoka, nani atakuuliza umelalaje?"

Hakuna aliyemwona akisita. Naima peke yake alihisi, maana alikuwa amemshika kiwiko. Alisita muda wa mtu kumeza mate.

"Wa kushoto," Sekela akasema. "Yule asiyesema na mimi."

Naima akasema washa. Allen akapiga kiberiti, akakisogeza kwenye mzigo uliolowa, nao ukashika. Ukashika kama zinavyoshika kuni za kileleni tangu zamani, kwa mngurumo, moto wa rangi ya chungwa na moshi wa moto uliopanda juu. Walipotazama kulia palikuwa na kichaka kimoja kimeinama chini ya mwamba, kinachanua nje ya majira.

Mzee Ambilikile alikuwa amevunjika mguu Jumanne ile ya kwanza. Alimsimulia Naima wakiwa njiani kushuka, yeye kwenye machela, Sekela nyuma kabisa ametazama chini. Kila siku, alisema, mkamwana alikuja kwenye ukungu akaweka chakula nyuma yake. Aliona kitenge chake kwa pembe ya jicho. "Niliona aibu kugeuka," akasema. "Mtoto wa watu amepanda mlima wote ule kunilisha, nimtazame kama mhuni?"

Asajile alirudi, akakaa wiki mbili, akaondoka. Mguu uliunga. Kizingitini hapakuwa tena na nyuki, mlango ulinuka ugoro, na kuni ziliwaka. Watu walimsifu Sekela kanisani. Kisha wakaacha, na ukimya ukarudi ulipokuwa. "Polisi, mwambie huyo naomba maji ya moto." "Polisi, mwambie mzee yapo." Kuna alasiri, ukungu ukishuka saa kumi, alijikuta ameketi kizingitini hana shughuli, amejitanda kitenge kipya, na aliona haya akainuka.

Mwezi wa kumi, asubuhi moja, aliamka na moyo mzito. Usiku alikuwa ameota watoto. Akawasha mafiga kwa kuni za kileleni ambazo mzee aliletewa na wenzake wa kikundi, akakaa kuzipuliza, na ndipo aliposikia sauti kavu kutoka chumba cha mzee, nyuma ya ukuta.

"Polisi. Muulize huyo kama amelala salama."

Sekela aliacha kupuliza. Miaka tisa, na sasa wa kumi. Amejifunza, mzee wa watu, amejifunza huko mlimani, ameona si vibaya kuuliza ukipitishia kwa mbwa. Furaha ilimpanda kifuani mpaka ikamuuma. Aliinuka kwenda mlangoni kujibu, akachungulia nje kumtafuta Polisi.

Alimwona. Polisi alikuwa chini kabisa, mwisho wa migomba, anachezacheza na panzi. Na mbele yake, mgongo kwa nyumba, mkongojo kwapani, mzee mwenye buti za mpira alikuwa anapogoa majani makavu na kupiga chafya ya ugoro.

Nyuma ya Sekela, mafigani, kuni zilianza kutoa povu. Moshi ukashuka sakafuni, ukamgusa miguu, nao ulikuwa baridi.

"Polisi," sauti ikarudia nyuma ya ukuta, kwa upole kidogo kuliko mwanzo. "Muulize."

Angeweza kupiga kelele. Mzee alikuwa hatua sitini. Naima alikuwa na simu. Sekela alisimama mlangoni akamtazama yule mzee kule chini ambaye hajawahi na hatawahi kugeuka, akamtazama kwa muda mrefu. Kisha akaurudisha mlango wa jikoni, akajifunika kitenge usoni, akaupa ukuta mgongo.

"Mwambie nimelala salama," akasema.